Delhi: kura zimeshaliwa, tumeachiwa moshi na maji ya amonia. Vyama vyote vitatu vina hatia!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naishi Delhi, upande wa kusini wa jiji, na kila nikishika simu nakuta watu wa nyumbani wanabishania siasa za India kwa ushabiki wa Simba na Yanga: mara Modi kamgaragaza Kejriwal, mara Kejriwal kaonewa. Nyie mmeona matokeo tu. Mimi kampeni zimenipitia mlangoni, na ninapoandika ni Novemba 2025, madirisha nimeyafunga, kifua kinabana, na wale wale waliotuapia kwamba dawa ya hewa hii wanayo bado wanatupiana lawama. Leo nasema yote.

Kwa ambao hawakufuatilia: uchaguzi wa bunge la Delhi ulifanyika tarehe 5 Februari 2025, viti 70. BJP, chama cha Waziri Mkuu Modi, wakachukua 48, AAP, chama cha Kejriwal kilichokuwa kinaongoza Delhi, wakabaki na 22, na chama cha Congress wakatoka mikono mitupu kwa mara ya tatu mfululizo. Kejriwal mwenyewe aliangushwa katika jimbo la uchaguzi la New Delhi na Parvesh Verma wa BJP kwa kura 4,089, na mgombea wa Congress pale pale alipata kura 4,568, kwa hiyo mjue hata hao walioambulia sifuri walichangia. BJP walikuwa hawajaongoza serikali ya hapa tangu 1998. Ukijumlisha kura zote, tofauti ya vyama vikubwa viwili ni kama asilimia mbili tu.

Sasa rudini nyuma kidogo. Tarehe 18 Novemba 2024, chini ya miezi mitatu kabla ya kura, kipimo cha ubora wa hewa cha jiji zima kilisoma 494. Kipimo chenyewe kinaishia 500, na namba ikipanda hewa ni chafu zaidi! Shule zilifungwa, watoto wakasomeshwa kwa simu, malori yakazuiwa kuingia mjini. Uchaguzi unaokuja baada ya hali ile ulitakiwa uwe wa hewa kuanzia mkutano wa kwanza hadi wa mwisho. Kila mgombea asimame aeleze mabasi ataongeza mangapi, viwanda gani vitazimwa, vumbi la ujenzi atalidhibiti nani na kwa fedha ipi. Haikuwa hivyo. Hewa ilitajwa pale tu ilipofaa kumpaka mwenzako matope.

Chukueni suala la mabua. Kila Oktoba na Novemba wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga ili wawahi kupanda ngano, na moshi wake unakuja kuungana na wa magari na viwanda vya Delhi. Punjab ilipokuwa mikononi mwa Congress, Kejriwal alikuwa anainyooshea kidole msimu baada ya msimu. Machi 2022 AAP wakaichukua Punjab. Kuanzia hapo mkosaji akawa Haryana, kwa kuwa Haryana inaongozwa na BJP. Haya, BJP wameingia Delhi, na baada ya Diwali (sikukuu ya taa ya Wahindu) ya 2025 waziri wao wa mazingira wa Delhi, Manjinder Singh Sirsa, akatoka hadharani kusema AAP ndio wanaowafanya wakulima wa Punjab wachome mabua. Na AAP, waliokaa miaka kumi na serikali mkononi, sasa ndio wa kwanza kupaza sauti kwamba serikali imeshindwa kuisafisha hewa. Wamebadilishana viti, na maneno nayo wakabadilishana. Moshi ni ule ule na mapafu yanayouvuta ni yale yale.

Lakini kilichonichefua kuliko vyote ni mto Yamuna.

Mto huu unapita Delhi kwa kilomita 22 hivi kati ya Wazirabad na Okhla. Ni kama asilimia mbili tu ya urefu wake wote, lakini hapo ndipo unapopokea karibu asilimia 80 ya uchafu wake, kwa sababu mitaro ya majitaka ya mji mzima inamwagikia humo, mkubwa kuliko yote ukiwa wa Najafgarh. Ukienda Kalindi Kunj msimu wa baridi unakuta povu jeupe limetanda juu ya maji, na akina mama wa sikukuu ya Chhath wanaingia humo humo hadi kiunoni kuliabudu jua. Kwenye kampeni za 2020 Kejriwal aliahidi kwamba kufikia 2025 mto utakuwa safi kiasi cha watu kuoga. Mwaka ukafika, povu lipo.

Sasa oneni watu wazima walivyofanya. Oktoba 2024 Virendra Sachdeva, kiongozi wa BJP wa Delhi, aliingia mtoni mbele ya kamera kuwasuta AAP, akaishia hospitali na muwasho wa ngozi. Tarehe 18 Januari Verma akachukua picha kubwa ya Kejriwal akaizamisha mtoni, kamera zikiwepo. Tarehe 27 Januari, siku tisa kabla ya kura, Kejriwal naye akasema serikali ya BJP ya Haryana imetia sumu kwenye maji ya Yamuna yanayokuja Delhi. Sumu! Unaambia mji wa watu mamilioni kwamba maji wanayokunywa yametiwa sumu na chama pinzani! Hata mkuu wa bodi ya maji ya Delhi, ambayo ilikuwa chini ya serikali yao AAP, alikanusha. Tume ya Uchaguzi ikamtaka alete ushahidi. Waziri Mkuu Modi akajibu jukwaani kwamba hata yeye anakunywa maji hayo. Nayab Singh Saini wa BJP, Waziri Kiongozi (mkuu wa serikali ya jimbo) wa Haryana, akaenda kijiji cha Palla, akachota maji mkononi akanywa mbele ya waandishi. Palla ni pale mto unapoingia Delhi, kabla haujakutana na mtaro wa Najafgarh. Mbona hakwenda kunywa Okhla? Kejriwal akajaza maji ya Yamuna kwenye chupa akawataka viongozi wa vyama vingine wanywe. Wiki nzima ya mwisho ya kampeni ikaishia hapo, kwenye chupa!

Na tatizo lilikuwepo, la kweli kabisa. Amonia hupanda kwenye mto karibu kila msimu wa baridi kutokana na maji machafu ya viwanda na ya majumbani yanayoingia huko juu, na ikizidi, mitambo ya kusafisha maji ya kunywa ya Wazirabad na Chandrawal inalazimika kupunguza uzalishaji. Hilo ndilo lililotakiwa kujadiliwa, mtaro kwa mtaro, kiwanda kwa kiwanda. Nendeni mtaa wa Sangam Vihar mkaone amonia ikipanda inakuwaje. Boza linakata kona, halijasimama sawasawa, vijana wameshaparamia juu na mipira ya maji wameisokomeza kwenye tundu. Chini akina mama kila mmoja anavutia mpira kwenye madumu yake, mwenye mkono dhaifu anabaki na matope miguuni. Siku hiyo watoto wanachelewa shule kwa sababu wamewekwa kulinda foleni. Hakuna aliyewauliza hao kama wanataka kumwona mwanasiasa akinywa maji ya mto.

Halafu pesa za wanawake. AAP waliahidi rupia 2,100 kila mwezi. BJP wakapanda hadi 2,500, Congress nao 2,500. Hao AAP walikuwa wameshatangaza rupia 1,000 kwenye bajeti ya Machi 2024 na hazikulipwa, lakini Desemba ya mwaka huo huo wakaanza kuwaandikisha wanawake kwa ajili ya hizo 2,100. Siku mbili baada ya uandikishaji kuzinduliwa, idara ya wanawake na watoto ya serikali ya Delhi ikatoa tangazo magazetini kwamba mpango huo haupo na wananchi wasimpe mtu yeyote taarifa zao. Idara ya serikali inayoongozwa na chama kile kile! BJP wakasema wakishinda, malipo yanaanza Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Ilipofika tarehe 8 Machi baraza la mawaziri likapitisha fungu la rupia bilioni 51 na kuunda kamati. Akina mama waliamka asubuhi kutazama simu zao, hakuna kilichoingia. Jirani yangu wa chini anafanya kazi za ndani kwenye nyumba nne kwa siku. Vyama viwili tofauti vilimwandika jina, namba ya simu na ya benki. Kadi za kuandikishwa amezihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya wanawe. Hajapata hata rupia moja.

Matusi sitayakalia sana. Ramesh Bidhuri wa BJP alisema atatengeneza barabara za jimbo lake la uchaguzi, Kalkaji, ziwe laini kama mashavu ya Priyanka Gandhi wa Congress, kisha akamsema Atishi wa AAP, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Delhi, kwamba amebadilisha baba. Mama wa watu akalia mbele ya waandishi. Bidhuri alishindwa na Atishi kwenye sanduku, na hiyo ni katika habari chache za uchaguzi ule zilizonifurahisha.

Mtaniuliza mgeni inanihusu nini. Inanihusu. Waafrika wa mtaa wa Khirki Extension hapa Delhi hawajasahau Januari 2014, serikali ya kwanza ya AAP ilipokuwa na wiki tatu tu. Waziri wa sheria wa wakati huo, Somnath Bharti, alikuja usiku na kundi la watu akitaka polisi wavamie nyumba wanamokaa Waafrika, kwa madai ya dawa za kulevya na ukahaba. Polisi wakakataa kuingia bila hati. Dada zetu wa Uganda walilalamika kwamba walizuiwa na kudhalilishwa usiku ule. Kejriwal akakaa barabarani kugoma akitaka polisi ndio waadhibiwe! Safari hii zamu ilikuwa ya Warohingya na Wabangladeshi: BJP na AAP kila mmoja akimshutumu mwenzake kuwa ndiye aliyewaleta na kuwapa makazi, na Desemba 2024 shule zikaagizwa kuchunguza nyaraka za watoto wanaodhaniwa wahamiaji haramu. Mtu asiye na kura ndiye wa bei rahisi kumtukana jukwaani. Ngozi yangu haikuwa zamu yake 2025. Ilishakuwa, na inaweza kuwa tena.

Najua mashabiki wa AAP watakuja na hoja ya mamlaka, kwa hiyo niimalize mapema. Ni kweli Delhi si jimbo kamili. Polisi na ardhi viko chini ya serikali kuu, na kuna gavana anayeteuliwa na serikali kuu. Mahakama ya Juu iliamua Mei 2023 kwamba serikali iliyochaguliwa ndiyo yenye mamlaka juu ya watumishi, na Agosti ya mwaka huo huo bunge la India likapitisha sheria ya kuyarudisha kwa serikali kuu. Huo ni uonevu, na nausema bila kuficha. Lakini bodi ya maji ilikuwa yenu. Halmashauri ya jiji mliichukua Desemba 2022 kwa viti 134 kati ya 250. Punjab yenu. Kila kilichoshindikana mkakisukumia kwa gavana, hata vile ambavyo gavana hana mkono wake.

Na nyie wa BJP, mliomba kura kwa hoja moja: tupeni Delhi iungane na serikali kuu, mambo yatakwenda. Mmepewa. Mna serikali kuu, mna Delhi, mna Haryana, mna Uttar Pradesh, na tangu Aprili mna hata meya. Wa kumlaumu amebaki Punjab peke yake, na mabua ya Punjab huwaka wiki chache tu kwa mwaka. Kampeni mlisema hakuna kibanda cha maskini kitakachobomolewa. Juni 2025 makazi ya mabanda ya Madrasi Camp pale Jangpura yakabomolewa kwa amri ya mahakama, familia za Kitamil zilizokaa hapo miongo mingi, nyumba zaidi ya 300. Waliokidhi vigezo wakapelekwa Narela, mwisho wa jiji kaskazini. Wengine hawakupata chochote. Amri ni ya mahakama, sawa, lakini ahadi ilikuwa yenu.

Oktoba 2025 serikali ya BJP ya Delhi ikarusha ndege pamoja na chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur kumwaga chumvi mawinguni ili mvua inyeshe isafishe hewa. Mawingu hayakuwa na unyevu wa kutosha, mvua haikunyesha. Kabla ya hapo serikali hiyo hiyo ilikwenda Mahakama ya Juu kuomba fataki ziruhusiwe Diwali. Unaomba moshi, kisha unaomba mvua ya kuufuta? Tarehe 9 Novemba wazazi walikwenda kwenye mnara wa India Gate katikati ya jiji na watoto wao, wengine wameshika karatasi za daktari, kudai hewa. Polisi wakawapakia watu kwenye mabasi wakawaondoa. Polisi hao ni wa serikali kuu, na hili gavana hasingiziwi wala Kejriwal.

Ilani ya BJP ilisema Yamuna itakuwa safi ndani ya miaka mitatu. Nauliza wale wanaonijibu kila siku kwamba tuwape muda: mtaro wa Najafgarh unatibiwa lita ngapi leo kuliko Februari? Mitambo mipya ya majitaka iko wapi, na inawashwa lini? Mwenye jibu lenye namba alete hapa, awe wa chama chochote. Asiye na namba asinijazie uzi kwa picha za Modi au za Kejriwal. Na wadau mlioko miji jirani ya Greater Noida, Gurugram na Faridabad, hasa wanafunzi, andikeni kipimo cha hewa mlichoamka nacho leo na kama chuo kimewaruhusu kusomea nyumbani.