Tokeni ndani ya maua! Snodropu zinakanyagwa kwa ajili ya picha

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Tulioko Uingereza tunaijua Februari ya huku: baridi, tope, wiki nzima hujaliona jua. Kinachonitoa ndani msimu huu ni snodropu, yale maua meupe mafupi yanayochomoza wakati miti yote bado mikavu. Jumamosi nimekwenda kuyaangalia kwenye bustani moja ya zamani, sitaitaja, na nimerudi nimevurugwa.

Watu wanaingia katikati ya maua! Njia ipo, imetandazwa magome ya miti, huwezi kusema hukuiona. Baba mmoja kamlaza mwanawe juu ya maua, halafu anarudi nyuma kinyumenyume akitafuta picha ipendeze, kila hatua anakanyaga. Nyuma yake watu wamepanga foleni wafanye vilevile. Haikupita muda pale pakawa kidimbwi cha tope, majani yamevunjika, vichwa vya maua vimezama kwenye alama za mabuti. Nimemwambia kwa upole, kanijibu ni maua tu, yataota tena.

Yataota lini? Majani yale ndiyo jiko la mmea. Ua likishanyauka, majani yanabaki kijani wiki nyingi mbele, yanapeleka chakula kwenye tunguu lililo chini ya udongo, na chakula hicho ndicho kinachotoa ua la mwakani. Ukiyavunja Februari, tunguu linalala na njaa. Udongo nao ukishindiliwa ukiwa na maji unakuwa mgumu. Anayetaka kuanza upya kwa mbegu atasubiri miaka 3, 4 au zaidi aone ua la kwanza. Mazulia meupe tunayoyafuata yamechukua vizazi kutandaa.

Na sisi tuliotoka nyumbani tusijifiche nyuma ya Wazungu. Nimesikia Kiswahili palepale. Dada mmoja kachuma fungu zima, kalichomeka kwenye mtandio apige picha. Nikamwambia, "Dada yangu, haya hayachumwi." Kanitazama, kageukia simu yake. Tena mjue mmea huu una sumu, hasa tunguu lake, na pale watoto wadogo walikuwa wameshikishwa maua mikononi.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa wenye bustani. Tiketi zimeuzwa bila kikomo. Magari yamekwama kwenye tope la maegesho, njia ya kupishana watu wawili imejaa vigari vya watoto mpaka anayetaka kupita analazimika kukanyaga pembeni. Kamba hakuna. Msimamizi hakuna, ila bibi mmoja wa kujitolea getini anayekagua tiketi. Nimewaandikia, wamenijibu asante kwa maoni yako. Kiingilio changu mmechukua cha nini, kama hamwezi kununua hata kamba?

Wako watu waliotumia maisha yao kwa maua haya. Henry John Elwes aliikuta aina moja Uturuki mwaka 1874, leo inaitwa Galanthus elwesii kwa jina lake, na bustani ya Colesbourne alikoishi, kule Gloucestershire, bado inapokea wageni msimu wa snodropu. Kuna wakusanyaji wanaoinama na kuliinua ua kwa ncha ya kidole waone alama ya kijani kwenye petali za ndani, maana kwa alama ile wanatofautisha aina na aina. Mwaka 2022 tunguu moja la aina ya Golden Tears liliuzwa kwa mnada mtandaoni kwa pauni 1,850. Kwa bei hizo wezi nao wapo, kwa hiyo mwenye bustani ana sababu tosha za kufunga geti hata kabla hatujamkanyagia.

Na mageti yakifungwa wataumia wengi. Bustani nyingi za watu binafsi hufunguliwa kupitia National Garden Scheme, mpango ulioanza 1927 kwa kiingilio cha shilingi moja, na mapato yanakwenda kwa wauguzi na huduma za wagonjwa, wa saratani wakiwemo. Mtu anakufungulia uani kwake kwa ajili ya wagonjwa, wewe unamlaza mtoto juu ya maua yake!

Ninachotaka ni hiki. Wenye bustani, uzeni tiketi kwa saa, wekeni kamba, na awepo mtu wa kusema hapana. Viongozi wa vikundi vya WhatsApp mnaopanga safari hizi, waambieni watu kabla hawajapanda basi: njiani tu, hakuna kuchuma. Picha piga ukiwa umechuchumaa pembeni ya njia, ua linaonekana vizuri zaidi.

Kama kuna anayejua bustani inayodhibiti idadi ya watu, aitaje hapa. Msimu bado haujaisha na nataka kwenda tena.