Nina laki tatu, nataka ofisi ndani ya chumba na sebule. Nianzie wapi?

Mhasibu_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu.

Mimi ni mhasibu, naandika hesabu za maduka na wafanyabiashara wadogo. Bosi amerudisha funguo za ofisi ya mjini, kila mtu afanyie kazi kwake. Posho ya umeme hakuna, ya bando hakuna. Naishi Tabata, chumba na sebule, na mwanangu wa miaka minne.

Wiki ya tatu sasa nafanyia kazi kitandani, mgongo ukutani, laptopu mapajani, risiti nimezitandaza juu ya shuka. Ikifika jioni shingo haigeuki kushoto na mkono wa kulia unakufa ganzi. Juzi hesabu ya mteja ilikataa kulingana, tofauti 18,000. Inagawanyika kwa tisa, nikajua nimegeuza tarakimu mahali. Nimekuja kuikuta saa tano usiku: 68,000 nimeiandika 86,000. Ofisini sikuwa nafanya makosa ya hivi.

Nina 300,000 taslimu, sina pa kuongeza. Paa ni bati tupu, silingi bodi hakuna, saa nane mchana sebuleni hapakaliki. LUKU ni moja, wapangaji wanne tunachanga sawa, na jirani ameshaanza kusema kwamba mimi nashinda na feni. Rafiki yangu ananishauri nianze na monita kubwa. Nawasilisha.

Mzee_wa_Monita

Rafiki yako yuko sahihi. Mimi nilipata ya inchi 19, iliyotumika, kwa 90,000 Kariakoo. Mhasibu bila skrini kubwa anaumiza macho. Omba wakuwashie pale pale, uangalie kama ina mistari au madoa.

Fundi_Keko

Dada, pole sana. Mimi ni seremala, meza za ofisi ndiyo kazi yangu, na naomba nipingane na mkuu hapo juu. Ukiweka monita ya 90,000 ukaendelea kukaa kitandani, shingo itauma vile vile. Anza na kiti, halafu meza, skrini baadaye.

Kiti usichukue kipya. Viti vipya vya bei ya chini sponji yake inalala ndani ya miezi michache. Tafuta cha ofisi kilichotumika. Bonyeza kikalio kwa dole gumba: ukigusa ubao, achana nacho. Kipandishe mpaka juu, kaa dakika tano nzima huku mnapatana bei. Kikishuka chenyewe, silinda imechoka. Kigeuze uangalie miguu, hasa pale inapoungana katikati, maana plastiki huanza kupasuka hapo.

Sasa meza, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Za tayari nyingi zina kimo cha sentimita 75. Kwa mtu mfupi mabega yanapanda hadi masikioni siku nzima bila mwenyewe kujua. Kikishapatikana kiti, kaa nyayo zote zikanyage chini, kunja mikono kama unachapa, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yako, mpe fundi namba hiyo. Sentimita 90 kwa 50 zinakutosha.

Mbao ya paini ni bei nafuu, lakini sisitiza iwe kavu. Mbichi itajipinda. Za MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) zinapendeza dukani, ila nyumba zetu hizi ndoo ya maji iko karibu, na MDF ikinywa maji inavimba na hairudi tena.

Mama_Wawili

Kwa mtoto: mwekee kiti chake kidogo na daftari lake la kuchorachora pembeni yako, sio chumba kingine. Wangu nilipomfungia chumbani aligonga mlango simu nzima. Alipopata "ofisi" yake alitulia, nikawa napata karibu saa moja. Simu za wateja zipange wakati amelala mchana. Na nunua hedifoni zenye maiki, zile za waya zinatosha.

Mfizio

Habari dada. Kazi yangu ni fiziotherapia, nachangia kuhusu mkono. Ukichapa huku kifundo kimekunjwa kwa saa nyingi, neva inayopita pale inabanwa. Usikae na ganzi hiyo miezi. Ukibadilisha mkao na wiki mbili zikapita bila nafuu, au vitu vikaanza kukuponyoka mkononi, nenda hospitali.

Na laptopu yenyewe ina shida: skrini na kibodi vimeshikana. Ukiiweka chini shingo inainama, ukiiinua mikono inaning'inia. Dawa yake ni kibodi na mausi za pembeni. Laptopu ipandishe juu ya boksi au vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Mgongoni kunja taulo, liwe pale kiunoni panapobonyea. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20.

Wati_na_Uniti

Nije kwenye LUKU, maana ugomvi wa mita huwa unahamisha watu nyumba. Chaja nyingi za laptopu ni wati 65. Tufanye inavuta zote, ingawa mara nyingi haifiki huko: saa 8 ni wati-saa 520, na uniti moja ni wati-saa 1,000, yaani nusu uniti na kidogo. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni uniti 0.4. Jumla haifiki uniti moja kwa siku. Siku 22 za kazi ni kama uniti 20. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye risiti yenu ya LUKU. Waonyeshe wapangaji wenzako karatasi, uongeze sehemu yako kabla hawajakudai.

Ruta usinunue, hotspoti ya simu inatosha kwa kazi yako. Simu iweke dirishani na uwe na pawabenki ya siku umeme ukikatika.

Mhasibu_Tabata

Asanteni sana, nimesoma kila kitu mara mbili. Fundi, ile meza ya kukunja inayofungwa ukutani je? Sebule ni ndogo.

Fundi_Keko

Inafaa kama mwenye nyumba anaruhusu kutoboa. Muulize kwanza. Akikataa, agiza yenye miguu ya kukunja kwa bawaba. Na usiiweke kwenye ukuta wa magharibi, jua la alasiri linaupasha na joto linakurudia jioni nzima. Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma linamulika skrini, likiwa mbele linakuumiza macho.

Mhasibu_Tabata

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Kiti nimepata kwa 70,000. Cha kwanza nilichokipenda kilishuka dakika ya tatu, nikakiacha. Kiwiko changu kilipimwa sentimita 64, meza imetengenezwa hivyo hivyo, paini kavu, miguu ya kukunja (mwenye nyumba alikataa kutoboa), 85,000. Kibodi na mausi 35,000, hedifoni 20,000, ekstensheni 18,000, bajaji za kubebea 12,000. Jumla 240,000. Iliyobaki 60,000 sijaigusa, nikiongeza kidogo naileta kwako Mzee wa Monita. Laptopu inakaa juu ya mafaili manne ya zamani.

Karatasi ya uniti niliwasomea wapangaji uani Jumapili. Jirani aliichukua akaipiga mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu yake, akakubali. Naongeza pesa ya uniti 20 kila mwezi.

Joto bado lipo. Naanza kazi saa kumi na moja alfajiri mtoto akiwa amelala, saa saba nasimama, narudi saa kumi. Mwanangu anakalia kigoda pembeni yangu, anagonga mihuri kwenye risiti ambazo nimeshaziingiza.

Shingo inageuka pande zote mbili. Mkono una nafuu ila asubuhi ganzi bado inakuja, na wiki mbili za Mfizio zimepita. Jumatatu naenda hospitali.