Chingolo wa Andes: mbona bado anahesabiwa spishi moja?

Mwanamilima: Wakuu habari zenu, kuna kitu kinanisumbua kuhusu chingolo (Zonotrichia capensis), yule ndege mdogo mwenye kishungi na kola ya rangi ya kutu shingoni. Yupo kuanzia kusini mwa Meksiko mpaka Tierra del Fuego kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, kwenye milima ya Andes anapanda hadi kuvuka mita 4000, nususpishi zake (makundi ya kimaeneo ndani ya spishi moja) zinapita 20 na nyimbo ndo usiseme, kila eneo lina yake. Sasa Grallaria rufula, ndege mwingine wa milima hiyohiyo, mwaka 2020 kagawanywa spishi zaidi ya kumi, na sauti ilikuwa ushahidi mkubwa. Huyu mbona hawamgusi?

Kipila: Mkuu sauti za hao wawili huwezi kuzipima kwa mizani moja. Ndege wa jamii ya Grallaria hafundishwi kuimba, anazaliwa nao wimbo, kwa hiyo ukikuta pande mbili za bonde wanaimba tofauti ujue ukoo umeachana kitambo. Chingolo anajifunza kwa madume wanaomzunguka. Msikilize vizuri, anaanza na miluzi michache halafu anamalizia na mtetemo, na huo mtetemo ndo wenye lahaja: msituni mapigo yake yanaachana, kwenye nyasi wazi yanaenda mbio, maana kwenye miti mwangwi unayavuruga mapigo ya haraka. Mtafiti wa nyimbo za ndege Fernando Nottebohm aliandika habari za lahaja hizi za Argentina tangu 1969, na kaskazini magharibi mwa nchi hiyo ukipanda mlima uoto ukibadilika na mtetemo nao unabadilika. Hiyo ni lahaja tu, haitoshi kuwa spishi.

Bawa_Jeusi: Naongezea kwenye DNA. Ya mitokondria (ile inayorithiwa kwa mama) inaonyesha koo chache ambazo hazijaachana muda mrefu, na mipaka yake haifuati majina ya nususpishi, yaani ukitaka kumkata hujui kisu upitishe wapi.

Mwanamilima: Nimewaelewa, ila nususpishi australis ya kusini kabisa bado inanivuta. Kichwa kijivu hakina mistari myeusi waliyonayo wenzake, na baridi ikiingia anahama kwenda kaskazini mpaka Bolivia wakati ndugu zake wengi hawahami.

Kipila: Hapo una hoja, ila kukutana Bolivia wakati wa baridi hakutuambii kitu. Angalia msimu wa kutaga, kule anakopakana na nususpishi jirani, chilensis. Kama wanaoana na makinda yao yanazaa vizuri, hao bado ni spishi moja hata vichwa vitofautiane vipi.