Mrejesho: ganzi ya shavu na midomo baada ya ciprofloxacin

Niliuliza kuhusu ganzi na vichomi kama vya sindano, shavu la kushoto hadi kuzunguka midomo, vilivyoanza siku ya 5 ya ciprofloxacin (antibiotiki) mg 500 kutwa mara mbili, kwa UTI.

Daktari alianza na uso wenyewe: pamba, kisha ncha ya pini, kwenye paji, shavu na kidevu. Halafu kunja paji, fumba macho kwa nguvu, jaza mashavu hewa. Hisia zimepungua, misuli mizima. Mdomo ungekwenda upande, jicho lingekataa kufumba au mkono ungelegea, hiyo ingekuwa dharura ya saa hiyohiyo, si ya kusubiri miadi.

Vipimo: sukari, magnesi, vitamini B12 na kalsiamu (ikishuka huleta vichomi hivihivi mdomoni). Vyote sawa, kwa hiyo lawama ikabaki kwa dawa. Kundi lake la antibiotiki, fluoroquinolone, huweza kudhuru neva (mishipa ya fahamu). FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikaza onyo hilo mwaka 2013, kwamba madhara huweza kuanza mapema na hata kudumu.

Dawa ilisimamishwa, mkojo ukaoteshwa maabara kutafuta bakteria, nikapewa cefuroxime, antibiotiki ya kundi jingine. Nitrofurantoin, ambayo wengi wangeikimbilia kwa UTI, iliachwa makusudi: nayo hugusa neva.

Wiki ya 6 sasa. Shavu limerudi, mdomo wa juu bado kidogo. Kwenye kadi ya kliniki imeandikwa kwa wino mwekundu: asipewe chochote kinachoishia na "-floxacin", levofloxacin na ofloxacin zikiwemo.