Fonti nzito ya mlazo kwenye kadi ya harusi: nakosea wapi?

FundiKadi
Wakuu, habari za usiku. Nina kazi ya kadi 200, mteja anazitaka Ijumaa. Majina, "Halima na Bakari", nimeyaweka kwa fonti ya Playfair Display nzito ya mlazo, yaani herufi nene zilizolala upande, maana wanataka kadi yenye heshima lakini isiyopoa. Kwenye skrini inavutia. Nimetoa sampuli, maandishi meupe juu ya rangi ya damu ya mzee: majina yamekaa kama yamesukumwa na upepo, na maelezo ya ukumbi, nayo mlazo mzito saizi 9, yamekatikakatika. Nibadili fonti?

MpigaChapa
Usiibadili mkuu, fonti ni nzuri. Claus Eggers Sørensen wa Denmark aliitoa 2011 akitazama herufi za karne ya 18, za akina John Baskerville wa Birmingham. Tabia yake ni mstari mnene kukutana na mwembamba kama unywele. Kwenye majina makubwa huo ndio utamu wake. Kwenye saizi 9 ya maandishi meupe, wino wa pembeni unatambaa na kuumeza ule unywele. Hata hilo neno Display kwenye jina maana yake ni ya maandishi makubwa. Majina yaache hapo, saizi 36 kwenda juu. Ukumbi na saa weka fonti ya Lora ya kawaida, isiyolala, saizi 11.

binti_wa_pwani
Mimi nimeshikwa na hilo la upepo. Kuza herufi "a" ya Halima uitazame vizuri. Kama ina kikofia juu, yaani ni "a" ya kitabuni iliyoinamishwa, mlazo wako si wa kweli. Mlazo wa kweli huchorwa upya: "a" inakuwa duara lenye mkia, kama tunavyoandika kwa kalamu. Asili yake ni mwandiko wa mkono. Francesco Griffo ndiye aliyeuchonga huko Venice kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius, na mwaka 1501 wakatoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi hizo. Fonti ikikosa faili la mlazo, programu inazisukuma tu herufi za wima upande mmoja, unene wa mistari unaharibika. Na Kiswahili hakifichi kosa hili, "a" zetu ni nyingi mno. Hapo kwenye majina mawili tu zimo nne.

Mama Shughuli
Naongea kama mpokeaji wa kadi. Bibi yangu huishika kadi karibu na dirisha akitafuta saa na ukumbi. Mwanangu, hayo yawe meusi kwenye karatasi nyeupe, tafadhali.

MpigaChapa
Mama kasema kweli, pindua rangi upande wa maelezo. Halafu usije ukaandika HALIMA kwa herufi kubwa tupu, kwa mlazo mzito inakuwa kama uzio ulioegama. Neno moja la "Karibuni" unaweza kulipatia mlazo huo pia. Lisizidi hilo.

FundiKadi
Asanteni sana, na shikamoo Mama. Nimekuza "a": ina kikofia. Nimefungua folda, kuna faili mbili tu, Regular (ya kawaida) na Bold (nzito). Napakua Bold Italic, yaani nzito ya mlazo, sasa hivi, kumbe ni ya bure. Kesho asubuhi natoa sampuli moja kabla ya zile 200, picha nitaiweka hapa.