Siku moja Istanbul kabla ya ndege, boti ya bei nafuu naipata wapi?

mamanguo_kkoo
Habari zenu wadau. Niko Istanbul, nimefikia hoteli ya hapa Laleli, hii ni safari yangu ya nne kufata mzigo na sijawahi kuona kitu zaidi ya maduka na ofisi ya kago, kila nikija ni kufungasha na kukimbilia uwanjani. Safari hii nimewahi kumaliza, mzigo umeshapimwa umeenda, kesho Jumapili maduka mengi ya huku yanafungwa na ndege yangu ya Dar ni saa mbili usiku. Natamani nipande boti kwenye ile Bosphorus yao, mlango bahari unaopita katikati ya mji, halafu nione majengo ya kale, ila hela iliyobaki sio ya kuchezea. Jana jioni karibu na daraja la Galata kuna kaka kanishika mkono kabisa, ana picha za boti, anasema euro 40 na chakula cha usiku, nikimwambia sina anashuka 35, 30, mpaka 25 nikaingiwa na wasiwasi nikaondoka. Hiyo ndo bei kweli? Na muda utanitosha? Naombeni msaada kwa anayepajua.

msomi_wa_fatih
Dada karibu, mimi nasoma huku mwaka wa tatu. Umefanya vizuri kuondoka, boti usinunue barabarani. Panda tramu T1 hapo hapo Laleli mpaka Eminönü, ukishuka tu unaona maji na boti zimejipanga. Kuna kampuni inaitwa Turyol, boti zao zinazunguka kama saa moja na nusu, unakata tiketi dirishani kwao wenyewe na bei imeandikwa, ni sehemu ndogo sana ya hiyo euro 40. Inapita Dolmabahçe, ile ikulu aliyofia Atatürk, rais wao wa kwanza, 1938, inapita chini ya daraja la kwanza la 1973 linalounganisha Ulaya na Asia, inafika Rumeli Hisarı halafu inageuza inarudi na upande wa Asia. Hiyo Rumeli Hisarı iangalie vizuri, ni ngome Sultani Mehmed aliijenga 1452 kwa miezi michache tu, pale ndo mlango bahari ulipo mwembamba kabisa, kama mita 700, akaziba njia ya meli na mwaka uliofuata akauchukua mji. Ukiwa ndani ya boti unaelewa alichokuwa anakifanya, maana zile kuta zinashuka kilima mpaka kwenye maji.

Watu watakwambia panda ile ndefu ya Şehir Hatları, kampuni ya feri za mji, inayoenda mpaka Anadolu Kavağı karibu na Bahari Nyeusi. Ni nzuri ila inaondoka asubuhi inarudi alasiri, kwa ndege ya saa mbili usiku utaumia roho njia nzima. Iache.

AbuLikoni
Salaam dada. Mimi ni wa Mombasa na mwaka juzi nililipa mtu kama huyo wako pale pale darajani, tukangoja gari la kutuchukua zaidi ya saa nzima kwenye baridi mimi na mke wangu, na boti yenyewe ilipokuja muziki ulikuwa juu hata kuongea hatukuweza. Pesa hazikurudi.

Kesho yake tukapanda feri ya kawaida ya wenyeji, Eminönü kwenda Üsküdar, unagusa tu ile kadi ya Istanbulkart ya tramu. Ni kama feri yetu ya Likoni ama pantoni yenu ya Kigamboni, watu wanaenda kazini, lakini ukikaa nje nyuma unaona misikiti yote ya mji wa kale kwa pamoja, minara imesimama juu ya maji. Kama dakika ishirini hivi. Kurudi tukapanda Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013, ikatutoa Sirkeci, jirani na Eminönü. Kwa kweli hiyo ndiyo naikumbuka zaidi kuliko ile ya pesa nyingi.

bi_asha_tz
Mwenzangu kama unasali, adhuhuri kasali msikiti wa Hagia Sophia, wenyewe wanaita Ayasofya. Watalii tangu Januari 2024 wanalipa euro 25 na wanapandishwa ghorofani, ila anayekuja kusali anaingia bure, mlango wa upande wa uwanja wa Sultanahmet. Saa za huku ni sawa na za kwetu lakini adhuhuri inaingia kama saa saba mchana, usiende saa sita ukadhani umechelewa. Beba mtandio mkubwa. Jengo lile limesimama tangu 537, mimi nilikaa chini ya kuba lake nikalia tu.

Kapalıçarşı, lile soko lao kubwa la kale, Jumapili imefungwa usijisumbue, ila soko la viungo pale Eminönü liko wazi, jina lake maana yake Soko la Misri, utasikia harufu ya mdalasini ukadhani uko Darajani Zanzibar. Mizigo ya mkononi iache mapokezi hotelini na ikifika saa tisa uwe Aksaray kwenye basi la Havaist la kwenda uwanja wa ndege, uwanja mpya ni mbali na foleni ya Jumapili jioni haina adabu.

mamanguo_kkoo
Nawaandikia nikiwa geti la kupandia ndege. Asubuhi nilipanda ya Turyol, nikakaa juu, nikaletewa chai kwenye kale kaglasi kembamba, mbele yangu kuna mtoto anakata vipande vya simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta, anawarushia shakwe na wanadaka hewani karibu na uso wake kabisa. Ngome nimeiona. Sala nimeiwahi, bi Asha Mungu akulipe, nimekuombea na wewe. Feri ya Üsküdar sikuiwahi Abu, hiyo naiweka kwa mzigo wa mwezi wa kumi na mbili, ntamleta na mama yangu.