Tupeane uzoefu: programu ya barua pepe inafunguka lakini dirisha halionekani

Karani wa Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kirumba, naandaa karatasi za kusafirisha minofu ya sangara. Tangu jana nikibofya Thunderbird (natumia Windows), alama yake inawaka kule chini kama kawaida, ila dirisha silioni. Nikipeleka kishale juu ya alama, kapicha kadogo kanatokea na barua zangu zote zinaonekana mle ndani. Nikibofya, kimya. Nimezima na kuwasha mashine mara nne. Mteja anasubiri nakala ya cheti cha afya cha mzigo, na fundi wa hapa mtaani anasema dawa ni kufuta Windows yote na kuweka upya. Kabla sijamkabidhi, yaliyowakuta wenzangu ni yapi?

Nyegezi Kona
Usimkabidhi mkuu. Kama kapicha kanaonekana, programu ni nzima, dirisha limefungukia nje ya kioo.

Mimi yalinikuta baada ya semina. Nilikuwa nimeunganisha laptopu na projekta, nikaburuta dirisha la barua kule ukutani, nikafunga nikiwa sijalirudisha. Programu hukumbuka dirisha liliachwa wapi. Kesho yake likaenda palepale, na projekta haipo. Fanya hivi: bofya alama mara moja, kisha shika Alt ubonyeze kitufe kirefu cha nafasi. Menyu ndogo itafunguka: bonyeza M (Move, yaani kusogeza), halafu kitufe chochote cha mshale mara moja. Sasa sogeza mausi, dirisha litakuja limeng'ang'ania kishale. Njia nyingine ni kushika Windows na Shift pamoja, ukabonyeza mshale wa kushoto au kulia.

Dada wa Igoma
Kwangu dukani ilikuwa umeme. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipowasha, ikaniambia Thunderbird tayari inafanya kazi ila haiitikii. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaikuta imejificha kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi, nikaisimamisha, nikaifungua upya. Dakika mbili.

Nansio
Kwa wanaotumia Outlook ile ya zamani ya kwenye kompyuta: ikikwambia haiwezi kufungua dirisha la Outlook, mara nyingi kilichoharibika ni faili dogo linalotunza mpangilio wa safu ya kushoto. Bonyeza Windows na R, andika outlook.exe /resetnavpane (acha nafasi kabla ya mkwaju), kisha Enter. Safu inajengwa upya, barua haziguswi. Ikigoma, jaribu outlook.exe /safe, inafunguka bila vile viongezo (programu ndogo zinazopachikwa ndani yake). Ikifunguka hivyo, mbaya wako ni kiongezo kimojawapo.

Mzee wa Buswelu
Ndugu yangu wa Mwaloni, nisikilize kuhusu huyo fundi. Mwaka 2019 mashine yangu ilikuwa na shida kama hii yako. Nikampa kijana, akaifuta yote, akanirudishia inang'aa. Nilipoweka anwani na nenosiri, barua zilizoshuka zilikuwa za wiki ile tu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Akaunti yangu ilikuwa imewekwa kwa njia ya POP, ambayo ilikuwa inashusha barua na kuziondoa kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma ya barua). Kwa hiyo nakala pekee ilikuwa ndani ya ile diski. Wenye IMAP wana nafuu, barua zao zinabaki kwenye seva. Mle ndani mlikuwa na barua za marehemu kaka yangu, miaka sita alipokuwa akiniandikia kutoka ughaibuni karibu kila Jumapili. Sina hata moja. Kijana simlaumu, hakujua, na mimi sikujua cha kumwambia.

Basi kabla ya kugusa chochote: funga programu, bonyeza Windows na R, andika %APPDATA%\Thunderbird, Enter. Utaona folda ya Profiles. Inakili yote kwenye flashi. Kama flashi ni ya mfumo wa FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, na sanduku la barua la miaka mingi hufika huko, kwa hiyo hakikisha limeingia lote.

Karani wa Mwaloni
Shikamoo mzee, na pole sana. Nimeanza na flashi kama ulivyosema. Akaunti yangu nayo ni POP.

Nyegezi Kona, umepatia: Ijumaa tulikuwa na kikao Capri Point, nikaonyesha ratiba ya mizigo kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Ila M ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Nimegundua dirisha lilikuwa limetanuliwa lote, ikabidi nianze na R (Restore, kulirudisha ukubwa wa kawaida) ndipo M ikakubali. Likaja!

Nilipofunga na kufungua tena, likarudi kulekule. Nikafunga programu, nikaingia kwenye folda ya profaili yangu ndani ya Profiles, nikafuta faili la xulstore.json, ambalo ndilo linatunza sehemu na ukubwa wa madirisha. Programu imelitengeneza jipya yenyewe. Nimejaribu mara tatu, dirisha linatokea katikati ya kioo, barua zote zipo.

Cheti kimeenda saa 5 na dakika 20, mteja amejibu amekipata. Flashi nimeiandika tarehe, iko kwenye droo ya nyumbani.

Mzee wa Buswelu
Marahaba. Afadhali zako zipo.